Makaburi Mawili ya Babu Klementi

Wenzangu wa jumuiya, nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja ananikamata mlangoni mwa kanisa, namwambia habari za basi. Mwingine ananikuta dukani, namwambia habari za ndizi. Na sasa nasikia huko mtaani inasemekana nilikwenda Karagwe kurithi shamba. Sikurithi hata mche wa kahawa. Nimeona heri nikae chini niandike mara moja, kwa mpangilio, kama nilivyopanga mafaili kwenye masjala ya hospitali kwa miaka thelathini, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi asome mwenyewe.

Baba yangu, Mzee Gaspari, mnamfahamu. Alipotoka wodini safari ile mliyokuja kumwona na machungwa, alikaa barazani akikata kucha, akaniambia bila kuniinulia macho: "Adela, nataka kujua kitu kimoja kabla sijaondoka. Baba yangu alitoka Karagwe akiwa kijana. Hakurudi hata siku moja, wala hakuna aliyekuja kumtafuta. Wale wa kule walimtupa, au yeye ndiye aliyewatupa?"

Nami nilijua machache tu. Babu Klementi alikuja Tabora kufanya kazi ya reli, akamwoa bibi yetu, akazaa watoto saba na baba ndiye wa kwanza. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Mazishi yake nayakumbuka vizuri, maana nilibeba taji la maua ya karatasi na rangi yake ikanichafua gauni. Aliacha bati la biskuti lenye rozari, vyeti vya kazi na bahasha moja tupu. Nyuma ya bahasha, kwa wino uliofifia, iliandikwa: "Theonesti, kwa Mwalimu, Shule ya Misheni, Bweranyange, Karagwe." Barua yenyewe haikuwemo. Hiyo ndiyo ilikuwa anwani pekee ya ukoo wetu duniani.

Mimi ni mtu wa karatasi. Wagonjwa husahau, ndugu hudanganya, lakini faili hukaa lilivyoandikwa. Nilitia bahasha ile kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka ndani ya misale, kitabu changu cha sala za misa, nikaondoka.

Kulala Kahama

Siku ya kwanza haina mengi, isipokuwa chakula cha usiku. Mama mmoja wa mgahawa karibu na stendi alinipa nichague: kuku au samaki kamongo wa kukaushwa, aliyeungwa kwa karanga. Nilikula kamongo. Nikaongeza sahani ya pili. Wala sijutii utamu wake, ingawa mtaona baadaye kwamba nilipaswa kujuta.

Kihanga, ambako basi lilichoka

Kesho yake tulipita Biharamulo na Muleba, tukavuka mto pale Kyaka, tukaanza kupanda. Migomba ilikuwa mingi kiasi kwamba nyumba unazitambua kwa moshi tu. Nilikuwa naanza kujisikia mwenyeji wakati basi lilipotoa sauti ya kukohoa, likasimama Kihanga. Dereva alishuka, akatazama chini ya boneti, akasema ni mkanda tu, dakika ishirini. Tulikaa saa nne.

Kando ya barabara alikuwapo mama aliyechoma ndizi kwenye jiko la mkaa. Alinipa kigoda, na nilipomwamkia akaitikia na kuanza kunihoji.

"Unakwenda kwa nani?"

"Bado sijui, mama. Natafuta kwetu."

Alinitazama viatu, akatazama begi, kisha akashusha sauti. "Una mwanasheria?"

Nilicheka nikidhani ni utani. Hakucheka. Alinieleza kwamba wanaokuja kutafuta kwao huwa wanakuja na mwanasheria, na wasipokuja naye basi mwenyekiti wa kijiji huitwa kabla ya jua kuzama. Kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya wazee, ndiyo mali ya mtu huku, na hakuna jambo linalonyima watu usingizi kama ndugu aliyetoka mbali. Nilimwambia mimi nataka jibu la swali moja tu. Akageuza ndizi zake. "Wote husema hivyo," alisema.

Hata hivyo alinihurumia. Alifungua kifurushi cha jani la mgomba, akanitilia kiganjani buni chache nyeusi zilizokauka. Nilidhani ni dawa ya kichefuchefu cha safari. Nikazimeza zote kwa mkupuo, kwa maji, kama vidonge. Yule mama alishika tumbo kwa kicheko, akawaita wenzake wawili waje wanione. Kumbe ni kahawa ya kutafuna, ya kumkaribishia mgeni. Unaiweka mdomoni, unaongea, unaitafuna taratibu. Nilipewa nyingine nikafundishwa upya. Ilikuwa chungu, kisha tamu kidogo, na ndiyo iliyonifikisha Kayanga, mji wa wilaya, nikiwa macho.

Bweranyange, kwenye anwani yenyewe

Asubuhi iliyofuata nilifika Bweranyange na bahasha yangu mkononi, kifua mbele. Nilikuwa nimelenga mambo mawili: shule ya misheni na familia ya Klementi. Shule ilionekana upesi. Familia ya Klementi ndiyo iliyonitoa jasho.

Sisi wa Tabora sote ni akina Klementi. Baba ni Gaspari Klementi, mimi ni Adela Klementi, na hata wanangu walitaka kulibeba jina hilo. Kwa hiyo niliuliza "ukoo wa Klementi" kwa sauti ya mtu anayeuliza ikulu iko wapi. Wakaniletea Klementi fundi baiskeli, kijana wa miaka kama ishirini. Wakanionyesha Klementi mwingine, amebebwa mgongoni, ananyonya kidole. Wa tatu alikuwa anauza nyanya, akaniuliza kama kuna msaada unaotolewa kwa akina Klementi ili aandikishwe.

Mwishowe mama mmoja akaniweka sawa. Huku kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la nyumbani, na la ubatizo ni la kwake mwenyewe pia. Baba na mwana hawachangii jina. Mtu hutambulikana kwa ukoo wake na kwa kilima chake. Ina maana kwamba jina ambalo sisi tumelibeba vizazi vitatu kama muhuri lilikuwa la mtu mmoja tu, na alipoondoka aliondoka nalo. Nilishauriwa nimsubiri Mwalimu Fransisko, mstaafu anayejua mambo ya zamani. Alikuwa amekwenda harusini. Harusi ya huku ina kwenda na kurudi, nami nikamsubiri siku mbili, nikila ndizi za kupika asubuhi, mchana na jioni, na sikuzichoka.

Mwalimu Fransisko ni mzee mrefu aliyevaa koti hata juani. Alichukua bahasha, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Nilidhani hasomi vizuri.

"Mwandiko huu ni wa baba yangu," alisema. "Ona hiyo T, alivyoivika kofia. Alituchapa sana mpaka tukaiweza."

"Kwa hiyo Theonesti alikuwa wa hapa?"

"Hapana, waitu, mwenzetu. Hapa zililala barua, watu hawakulala hapa." Akanieleza kwa utaratibu wa mwalimu. Zamani zile waliojua kuandika walikuwa wachache. Mtu alitoka kilimani kwake alfajiri, anatembea kutwa, anafika kwa mwalimu na mayai au mkungu wa ndizi. Anasema maneno yake, mwalimu anaandika, na nyuma anatia anwani ya shule, maana jibu likija litafikia hapo. "Ukifuata anwani za aina hii utadhani Karagwe nzima ilizaliwa ndani ya darasa langu."

Safari ya kilomita mamia kwa mamia, na nilikuwa nimefika nyumbani kwa mwandishi wa barua. Nilikasirika, nawaambia ukweli, na nikamkasirikia mzee asiye na kosa. Yeye alinyanyuka tu, akafunga kifungo cha koti, akanipeleka parokiani.

Katekista alitutolea kitabu cha ubatizo, kikubwa, kimeliwa pembeni na mchwa. Hapo nilikuwa kwangu. Nilifuata safu kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, na kwa msaada wa jina la Theonesti tukampata: Klementi, jina la baba yake, jina la mama yake, jina la kilima upande wa Nkwenda, na aliyebatizwa naye siku hiyohiyo, mdogo wake, Theonesti. Nilitaka kupiga vigelegele.

Kisha nikaona pembeni mwa jina la babu. Palichorwa msalaba mdogo, tarehe, na neno moja: "amefariki."

Niliisoma tarehe mara tatu. Ilikuwa ya wakati ambao baba yangu alikuwa bado hajaanza shule. Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinifundisha kufunga kamba za viatu. Kwa kazi yangu nimeona mafaili yaliyochanganywa, yaliyopotea, hata yaliyoloa; lakini hili lilikuwa safi, limeandikwa kwa mkono uliotulia, na lilikuwa na maiti ya mtu aliye hai. Wazo lililonijia ni kwamba nimempata Klementi mwingine, na kwamba baba hatapata jibu lake.

"Nenda kilimani," alisema Mwalimu Fransisko. "Kitabu kimeandika kilichoambiwa."

Njia ya Nkwenda

Bahati yangu ilikuwa Mama Renatha. Ni mwanamke wa Muleba, Mlutheri, mnunuzi wa maharage, ana pikapu na nyumba ya wageni pale Nkwenda. Alikuwa amemaliza kupakia magunia Bweranyange akanipa nafasi mbele. Njia nzima aliendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukinifundisha maisha.

Katikati ya njia milima ilifunguka, pakawa na majani matupu na ng'ombe wenye pembe ndefu waliokuwa wakivuka barabara bila haraka. Tukasimama. Mchungaji wao, mtu mzima mwenye msalaba wa mbao shingoni, alimfahamu Mama Renatha, akatuletea maziwa kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Nami katika kuchangamka nikamuuliza ana ng'ombe wangapi.

Alitazama mbali. "Wanatosha," alisema.

Tulipoondoka Mama Renatha alitikisa kichwa. "Dada, huku ng'ombe wa mtu hawahesabiwi, na watoto wake vilevile. Na huko unakokwenda, usiseme unatafuta kwenu."

"Niseme nini sasa?"

"Sema umeleta salamu. Ukisema unatafuta kwenu, watu wanaanza kuhesabu migomba."

Nililala kwake Nkwenda. Ilikuwa siku ya soko, na mpaka jioni watu walikuwa wakibishana bei za maharage chini ya dirisha langu. Alinipikia senene, panzi wa huku, waliobaki kwenye kopo lake la akiba, na nilipowatafuna akanitazama usoni kuona kama nitawatema. Sikuwatema. Akasema huenda kweli nina damu ya huku.

Kilimani

Bodaboda ilinishusha kwenye njia nyembamba kati ya migomba. Mwanamume wa makamo, mvi kidogo, alikuwa anakata majani makavu kwa kisu chenye mpini mrefu. Tulisalimiana. Nikasema nimeleta salamu kutoka Tabora kwa watu wa Theonesti.

"Theonesti ni marehemu," alisema. "Mimi ni mwanawe, Leopold. Salamu za nani?"

Nikamwambia mimi ni mjukuu wa Klementi. Hakukiweka kisu chini. Mkewe alileta kigoda, nikakaa, na yeye akabaki amesimama. Akaniuliza ukoo wetu. Sikuujua. Akaniuliza mwiko wetu, maana kila ukoo huku una kitu usichokila, na mtu akipotea hujitambulisha kwa hicho. Nikasema hatuna mwiko, sisi tunakula kila kitu. Nikaona uso wake unafungwa.

Hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo nyumbani lilikuwa kichekesho tu. "Babu yangu hakula kamongo," nikasema. "Bibi akipika, alitoka nje, asirudi mpaka sufuria lioshwe kwa majivu. Sisi tulidhani samaki yule humsokota tumbo."

Leopold aliegemeza kisu kwenye mgomba. "Na wewe, unakula?"

Ningeweza kukwepa. "Nilikula Kahama, wiki hii. Sahani mbili."

Mkewe aliziba mdomo kwa khanga. Leopold alijitahidi kubaki mkali. "Wazee walisema anayekula mwiko wake huota mapengo."

"Meno manne yamekwishang'oka," nikamwonyesha.

Alicheka mpaka akakaa. Kuanzia hapo aliniita mwanangu, ingawa tunalingana umri, akasema, "Njoo uwaone wazee wako."

Makaburi yako nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, yamepaliliwa vizuri. Mengine ni mawe tu, mengine yana saruji. Alinitajia mmoja mmoja: babu yao wa kwanza, bibi yao, Theonesti. Kisha akaonyesha msalaba mfupi wa saruji, mweupe kwa chokaa mpya. "Na huyu ndiye Klementi."

Tabia ya masjala ni mbaya. Badala ya kunyamaza nikasahihisha. "Hapana, baba mdogo. Klementi yuko Tabora. Tulimzika sisi, mimi nilibeba taji."

Leopold aligusa msalaba ule. Kisha akasema polepole, "Humu ndani kuna mgomba."

Akanieleza. Mtu akipotelea mbali na mwili wake usipatikane, hawezi kuachwa hivyohivyo, hana kaburi wala matanga. Unakatwa mgomba, unavikwa nguo yake, unalazwa ndani, unaliliwa, unazikwa. Watu wananyoa nywele. Mke anakuwa mjane. Kanisani wanakwenda kusema, na kitabu kinaandikwa. "Baba alimwandikia barua amwambie mzee wao anaumwa, arudi. Mzee akafa. Walisubiri mwaka, wa pili, wa tatu. Jibu halikuja. Wakasema barua imepotea, na mwenyewe amekufa huko ugenini, kwa sababu Klementi aliye hai asingeacha kumzika baba yake."

Moyo wangu ulifurahi, nisameheni. Nilikuwa nimepata jibu la baba: hawakumtupa, walimlilia. Na nilikuwa na ushahidi wake mkononi. Nikafungua misale, nikatoa bahasha. "Bahasha yake hii hapa," nikasema. "Aliitunza mpaka alipokufa."

Sikuwa nimemwona bibi kizee aliyekuja nyuma yetu akitembelea fimbo. Alinyoosha mkono nikampa. Hakujua kusoma, Leopold alimsomea kilichoandikwa nyuma, na jina la baba yake Leopold lilipotajwa bibi yule alipitisha kidole gumba juu ya karatasi, mara moja, mara mbili. Kisha akasema neno fupi kwa Kinyambo, lugha ya huku.

"Anasema nini?" nikauliza.

Leopold alinitafsiria. "Anasema: kumbe ilifika."

Kisha akanijulisha. Bibi yule ni Paskazia, mtoto wa Klementi. Babu yangu alipokwenda reli alimwacha mke na binti aliyekuwa ndiyo kwanza anakimbia. Sisi Tabora hatukuwahi kusikia. Mama yake alivaa ujane akiwa bado msichana, wala hakuolewa tena. Amelala pale pale, kaburi la tatu kutoka kwa mgomba. Paskazia mwenyewe alinyolewa siku ya maziko, akakatazwa kucheza na wenzake, na tangu siku hiyo ndiye anayelipalilia kaburi lile na kulipaka chokaa. Maisha yake yote alikuwa yatima wa mtu aliyekufa kabla barua haijamfikia.

Na mimi nimekuja na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, nimeifungua mbele yake kama cheti cha ushindi. Nimeona aibu mara nyingi maishani, lakini si kama ile. Paskazia alinirudishia bahasha, akaingia nyumbani kwake, nyumba ndogo iliyo pembeni mwa ile ya Leopold, akafunga mlango.

Asubuhi ya kuondoka

Nililala kwa Leopold nikiwa nimefungasha. Asubuhi nilipotoka kuaga, mkewe aliniambia nisiondoke, naitwa. Nyumbani kwa Paskazia palikuwa pametandazwa nyasi mbichi sakafuni, na sufuria la ndizi zilizochanganywa na maharage lilikuwa limekwisha epuliwa. Nilimwamkia kwa magoti. Aliitikia kwa Kiswahili, Kiswahili cha kanisani, safi kuliko nilivyotazamia.

Tulikula. Alipomaliza alinawa, akafuta mikono taratibu, akaniuliza, "Huko kwenu, aliwahi kunitaja?"

Ndugu zangu, jibu zuri lilikuwa mlangoni mwa meno. Lingemgharimu nani? Babu hayupo, bibi hayupo, na Paskazia alikuwa ananisubiri kwa macho makavu. Ningesema alikutaja akiwa kitandani, alikutaja kila Noeli. Lakini nilikuwa nimekwisha kumdhuru kwa karatasi ya kweli, na niliona kumdhuru tena kwa maneno ya uongo ni kumfanya mtoto.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Hakuwahi kukutaja."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei. "Ungesema ndiyo," alisema, "ningejua umefuata kibanja."

Baada ya hapo aliuliza mengine. Kama alikunywa pombe. Kama alipiga. Aliugua nini. Nilimjibu yote kama nilivyojua, na pale nisipojua nikasema sijui. Nikamweleza kwamba ana mdogo wake wa kiume huko Tabora, baba yangu, mgonjwa, na kwamba ndiye aliyenituma. Nikatoa simu, nikasema naweza kumpigia sasa hivi.

"Weka hiyo," alisema. Hakuwa mkali. "Yule wa Tabora ni baba yenu, mlieni ninyi. Wangu yuko hapa nyuma. Nilimlilia, nimempalilia mpaka mgongo umepinda. Usiniletee mwingine."

Nilimuuliza Leopold njiani kama sasa wataufuta msalaba ule parokiani. Alisema kaburi huwa halifutwi. Aliniwekea mkungu wa ndizi juu ya bodaboda, akasema salamu zimefika.

Tabora tena

Njia ya kurudi siisimulii. Nilikaa dirishani na sikuongea na mtu. Nilikuwa na jibu, na halikuwa lile nililolikimbilia pale makaburini. Barazani baba aliuliza swali lake lilelile. Nikamwambia yote: mgomba, chokaa, nywele, bahasha.

"Kwa hiyo ndiye aliyewatupa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na barua alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo."

Alisogeza kikombe cha chai pembeni. Kisha akauliza kama Paskazia ni mkubwa kwake. Nikasema ni mkubwa kwa miaka kama sita. Akauliza tena, kana kwamba nimekosea hesabu. Mnajua sote hapa mtaani tumemzoea kama mkubwa wa kila mtu. Nilitaka tumpigie Leopold. Akanikataza, akasema mtu aliyekwisha sumbuliwa vile asisumbuliwe tena. Kwa wiki tatu hakulirudia jambo hilo, ila nilimsikia akilitamka jina la Paskazia peke yake bafuni.

Jumapili iliyopita, mlipotuona hatukuja jumuiya, ni kwa sababu simu ililia. Alikuwa Leopold. Alisema dada yake Paskazia ameamka na jambo moja, anataka kumsikia huyo mdogo wake. Nikampa baba simu. Aliishika kwa mikono miwili, akanyanyuka kitini, mtu ambaye hata paroko akija humsalimia amekaa.

"Shikamoo," alisema.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia baba akimwamkia mtu. Wote aliopaswa kuwaamkia walikwisha zikwa. Upande wa pili palikuwa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika, nikanyoosha mkono niichukue simu, naye akanizuia kwa kiwiko.

Kisha Paskazia akaitikia.